Wema wa kooperative uanzie kwenye daftari ya malipo



Hapa Goma na Kivu yote, Jumamosi tunaiitaka siku ya posho. Watoto wetu wanatumia jina hilo bila kujiuliza limetoka wapi, lakini wazee wanajua. Ilikuwa siku ambayo makampuni na mashamba ya wakoloni yaligawia watumishi chakula cha juma. Mtumishi alifanya kazi juma nzima, kiisha akasimama kwenye foleni na chombo chake mkononi. Wakoloni walienda, posho ikaisha, lakini jina likabaki kwenye kalenda yetu. Mtu hasahau siku ya kulipwa. Na hasahau pia siku aliyongojea malipo akarudi nyumbani mikono mitupu.

Tunaandika leo juu ya siku kama hiyo.

Wakati wa mavuno ya kahawa tulitembelea kooperative moja upande wa ziwa. Jina lake hatutalitaja, kwa sababu hatukuja kumwaibisha mtu, na zaidi ya hayo tunajua haiko peke yake. Prezida alitupokea vizuri, akatupeleka kuona kibao kipya kando ya barabara. Kiliandikwa kwa rangi ya buluu kwamba kooperative imejenga vyoo vya masomo ya msingi na bomba ya maji, kwa faida ya jamii yote. Kazi nzuri, hatuna la kuisema vibaya. Picha zilipigwa, na mnunuzi wa Ulaya alizipenda.

Kiisha tukashuka mpaka kwenye stasyo ya kuosha kahawa. Pale, wamama walikuwa wamesimama kando ya meza za kukaushia, wanachambua kahawa mbegu kwa mbegu chini ya jua. Tukamuuliza mmoja, mwenye mtoto mgongoni, kazi inaenda namna gani. Akatazama kwanza kama jera yuko karibu. Halafu akasema kwa sauti ya chini: "Mwezi wa tatu huu hatuyalipwa. Banatuambia tungoje kontenere ifike Mombasa. Bibao tunabionaka. Batoto habakulake kibao."

Tulirudi Goma na maneno hayo kichwani. Tumeyazungumza kati yetu sisi wa gazeti hili, na maoni yetu ni haya: kooperative inayosaidia kijiji huku inadai jasho la watumishi wake haijaanza bado kusaidia. Imekopa kwa maskini, ikajenga kwa mkopo huo, kiisha ikaandika jina lake juu ya ukuta.

Maneno mawili yanayokaa katika ofisi mbili

Wageni wanaokuja na kompyuta zao wanatumia maneno mawili makubwa. La kwanza ni wajibu wa sosyete kwa jamii, ile wanaiita RSE kwa kifaransa. Maana yake: sosyete inayopata faida mahali fulani inapashwa kuangalia pia watu, maji, udongo na hewa ya mahali hapo. La pili ni usimamizi wa watumishi: namna ya kuwaandika kazi, kuwafundisha, kuwalipa, kuwalinda, kuwapandisha cheo na kuwaaga.

Katika sosyete nyingi maneno haya mawili yanakaa katika ofisi mbili. Mkubwa wa RSE anapiga picha na kuandika ripoti. Mkubwa wa watumishi anashika daftari na anajibu barua za malalamiko. Hawa wawili hawaonani. Na katika kooperative zetu, ambapo ofisi ni moja na meza ni moja, mara nyingi tumeiga ugonjwa huo huo: komite inajadili bomba ya maji saa tatu, na jambo la wamama wa kuchambua linaachiwa jera alimalize peke yake.

Sisi tunaona kwamba jamii ya kwanza ya kooperative ni wale wanaoamkia kazi yake. Gardien anayelala kando ya depo, mama wa kuchambua, kijana wa mashini ya kumenya, wabebaji wa magunia, kontabule. Hao wanaishi katika kijiji kile kile tunachotaka kukisaidia. Mtoto wa yule mama anasoma kwenye masomo yale yale tuliyojengea vyoo. Mama asipolipwa, mtoto anafukuzwa kwa sababu ya deni, na choo kipya hakimfai kitu.

Historia yetu inafundisha

Nchi yetu inajua sana wema wa makampuni. Union Minière ya Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijulikana mpaka Ulaya kwa namna ilivyotunza watumishi wake. Tangu miaka ya 1920 kwenda mwisho, ilijenga kambi za jamaa, hospitali za wamama kuzalia, masomo, na ikagawa posho. Mtu aliyepita pale angesema: hii ndiyo kampuni yenye moyo. Lakini vita ya pili ya dunia ilipopandisha bei ya vitu, watumishi weusi waliomba kitu kimoja tu, kuongezewa mshahara. Wakasimamisha kazi. Tarehe 9 Desemba 1941, kule Lubumbashi, iliyoitwa wakati huo Elisabethville, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mupira. Wengi walikufa. Hospitali ilikuwepo, masomo yalikuwepo, lakini mtumishi hakuwa na ruhusa ya kusema mshahara wake hautoshi. Wema ule ulitolewa namna mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, hapa Bukavu. Watumishi 168 wa zamani wa Bralima, ambayo wakati huo ilikuwa ya kundi la Heineken la Uholanzi, walidai kwamba waliachishwa kazi bila haki kati ya 1999 na 2003, wakati RCD ilipotawala upande wetu wa nchi. Wengi walikuwa wamekwisha kata tamaa. Katika miaka hiyo ya kungoja, mwaka 2007, Heineken iliunda mfuko wa kusaidia afya katika Afrika, na mfuko huo ulitoa pesa kwa miradi mizuri. Lakini barua za wale watumishi wa Bukavu hazikuwa mradi. Mwisho wa mwaka 2015 walipeleka mashtaka kwenye ofisi ya serikali ya Uholanzi inayosikiliza malalamiko juu ya makampuni ya kimataifa, kufuatana na kanuni za OECD. Mwaka 2017 pande mbili zikapatana, na watumishi wakapata malipo.

Tazameni urefu wa safari hiyo. Zaidi ya miaka kumi na mbili, mpaka Ulaya, kwa jambo lililoweza kuzungumzwa Bukavu kwenye meza moja. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tusiseme pia kwamba hakuna aliyefanya vizuri. Pharmakina, kiwanda cha kwinini cha Bukavu, kiliona UKIMWI unamaliza watumishi na jamaa zao. Programu ilianzia ndani, kwa watu wa kiwanda: kuwapima, kuwafundisha, kuwatunza. Halafu mwaka 2005, kwa msaada wa Wajerumani, kiwanda kikaanza kutengeneza chenyewe dawa za UKIMWI, zikafikia watu wengine wa mji. Pale, mkubwa wa watumishi na mkubwa wa wajibu kwa jamii walikuwa wanashika jambo moja. Kilichofaa mtumishi kikatoka nje kikafaa jirani.

Sheria zinasemaje?

Wengine watasema haya ni mambo ya makampuni makubwa ya madini. Ni kweli sheria ya madini iliyobadilishwa Machi 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Hiyo ni senti 30 kwa kila dola 100. Kooperative ya kahawa au ya maharagi haiguswi na sheria hiyo.

Lakini tunaguswa na zingine. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya kooperative, iliyopitishwa Lomé mwezi wa Desemba 2010, inahesabu kuangalia jamii kati ya kanuni za kooperative zenyewe. Kwa hiyo wajibu kwa jamii haukuletwa kwetu na mzungu wa cheti. Umo ndani ya sheria inayotupa jina la kooperative.

Na iko sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Hapa tunaomba kila komite isome polepole. Tunapenda kusema: "Yule ni journalier tu, hana kontra." Sheria inasema hivi: journalier akikwisha fanya siku 22 za kazi katika miezi miwili, na ukamwandika tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa mtumishi wa kontra isiyo na mwisho. Hata kama hakuna karatasi. Sheria hiyo inasema pia kwamba mshahara ulipwe kwa wakati unaojulikana, usiopita mwezi mmoja. Kungoja kontenere ifike Mombasa hakumo katika sheria. Mama mjamzito ana haki ya kupumzika majuma 14. Na mtumishi anaandikishwa CNSS, ile tuliyoizoea kwa jina la INSS, ambapo kooperative inalipa 13% ya mshahara na mtumishi anakatwa 5%.

Tunajua kooperative nyingi ziko mbali na haya. Sisi wenyewe tunajua ofisi za misaada ambazo gardien wao hana kontra. Kinyozi hajinyoi. Lakini kuwa mbali na njia hakumaanishi kutojua njia iko wapi.

Mikono ya mama ndiyo bei ya kahawa

Hebu tuache sheria, tuseme mambo ya soko. Kahawa yetu ya Maziwa Makubwa iko na ugonjwa mmoja unaojulikana dunia nzima: ladha ya kirayi. Mdudu wa antestia anatoboa tunda, na mbegu moja tu iliyoharibika inatosha kutia kikombe kizima harufu ya kirayi kibichi. Mnunuzi akikutana nayo, bei inashuka, au anakwenda kununua kwingine. Mashini haiwezi kuiona yote. Inaonwa na macho ya mama anayechambua, tangu kwenye matunda yanayoelea majini mpaka kwenye meza ya kukaushia.

Sasa tujiulize. Mama ambaye hajalipwa miezi mitatu, hana kivuli, hana mahali pa kumweka mtoto, analipwa kwa kilo ili aende mbio, atatazama kila mbegu? Sisi hatungeweza. Na yule aliyefundishwa mwaka jana, akachoka kungoja, akaenda kuuza mandazi Birere, ameondoka na ujuzi wetu. Msimu unaofuata tunaanza na mtu mpya asiyejua kutofautisha. Kiisha tunalia kwamba bei imeshuka, na tunalaumu mdudu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: kahawa iliyochambuliwa na mtu aliyetunzwa vizuri haihitaji kibao kando ya barabara.

Feza itatoka wapi?

Hapa ndipo prezida wengi wanatujibu, na wana sababu. Wanasema: "Kooperative haina feza mpaka kahawa iuzwe. Tukimlipa mchambuzi zaidi, mkulima atapata kidogo kwa kilo, na yeye ndiye mwenye kooperative."

Tusijifiche: kuna mvutano kati ya mwanamemba na mtumishi. Lakini tuhesabu. Kwa kooperative yenye cheti cha Fairtrade, nyongeza ya jamii ni senti 20 za dola kwa kila libra ya kahawa. Kontenere ya magunia 320 ya kilo 60 ni tani 19,2, ndiyo kusema nyongeza inapita dola 8.400. Senti 5 kati ya zile 20, karibu dola 2.100, zinapashwa kwenda kwenye ubora na uzalishaji. Kumfundisha mchambuzi, kumwekea hema ya kivuli juu ya meza, hayo yote ni ubora. Mkutano mkuu unaweza kuyakata hivyo bila kuvunja kanuni yoyote.

Zaidi ya hayo, kooperative ikiomba, mnunuzi wa Fairtrade anapashwa kusaidia ipate hadi 60% ya bei ya kontra kabla ya kupakia. Tunapoomba pesa hiyo, tunahesabu tu matunda tutakayonunua kwa wakulima. Tunasahau kuhesabu mishahara. Ndipo feza inaishia kwenye matunda, na mama anaambiwa angoje. Kosa hilo linafanyika kwenye karatasi, mwezi mmoja kabla ya mavuno, na linaweza kusahihishwa kwenye karatasi hiyo hiyo.

Kwa kooperative zisizo na cheti, zile za kirayi, maharagi, mahindi na vitunguu, hesabu ni ndogo lakini mfuatano ni ule ule: kwanza mshahara, pili risturne ya wanamemba, tatu mradi wa kijiji. Mradi ukitangulia, mtu fulani amelipia, na mara nyingi ni yule asiyeweza kusema katika mkutano.

Na kwa nini hawezi kusema? Kwa sababu si mwanamemba. Shamba limeandikwa kwa jina la bwana, kadi ya kooperative pia. Mama analima, anavuna, anachambua, lakini hana sauti. Sheria ya jamaa iliyobadilishwa Julai 2016 iliondoa ile lazima ya mke kuomba ruhusa ya mume kwa kuweka sahihi. Hakuna sheria inayokataza mke na mume wote wawili kuwa wanamemba. Ni mazoea yetu tu.

Vita si sababu ya kuficha daftari

Tunaandika toka Goma, hatuwezi kujifanya hatuoni. Tangu vita ilipoingia mjini mwezi wa Januari 2025 na benki zikafunga milango, feza ya mkononi imekuwa kazi kuipata. Barabara zinafungwa, zinafunguliwa, zinafungwa tena. Komite nyingi zinahangaika kwa kweli, si kwa uongo.

Lakini tumeona pia kooperative zinazolipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kidogo kidogo kila siku ya posho, kuliko kungoja kiasi kikubwa mwisho wa mwezi. Tunasifu hilo, na tunaongeza neno moja: komite iamue mbele ya wote ni nani atalipa feza ya kutoa kwenye simu. Ikikatwa kwa mtumishi kimya kimya, huo ni mshahara umepunguzwa. Na mama asiye na simu yake asilazimishwe kupokea kwa simu ya jirani au ya bwana bila kutaka.

Pale feza inapokosa kabisa, ukweli usikose. Watumishi waitwe, waonyeshwe daftari, waambiwe deni lao ni kiasi gani na litaanza kulipwa tarehe gani. Yule mama wa upande wa ziwa hakulalamikia umaskini wa kooperative. Alilalamika kwamba anaona bibao na haoni daftari.

Tunaomba nini

Hatuombi mjenge ofisi ya watumishi yenye klimatizere. Tunaomba, katika mkutano mkuu unaokuja, mwanamemba mmoja asimame aulize maswali haya manne, na katibu aandike majibu:

Watumishi wetu wote ni wangapi, wa kudumu na wa msimu, na kila mmoja tunadaiwa naye kiasi gani leo?

Ni nani kati ya journalier wetu amepitisha siku 22 katika miezi miwili, na karatasi yake iko wapi?

Mtu akiumia kwenye mashini au akianguka na gunia, nani anamlipia hospitali, na feza hiyo iko kwenye kese gani?

Mradi wa jamii wa mwaka huu, je, tulimuuliza hata mtumishi mmoja maoni yake kabla ya kuuchagua?

Majibu yakiwa mazuri, simamisheni kibao chenu, na sisi tutakuja kupiga picha kwa furaha. Majibu yakiwa mabaya, acheni rangi ya buluu ikae kwanza kwenye bidon yake. Kijiji kitangoja bomba miezi miwili, kimekwisha ngoja miaka mingi. Mama wa kuchambua hawezi kungoja tena.

Tutarudi kwenye ile kooperative ya upande wa ziwa msimu unaokuja, na kituo chetu cha kwanza kitakuwa kwenye meza za kukaushia. Ninyi pia mtuandikie: kwenu siku ya posho inapita namna gani? Barua ya mchambuzi, ya gardien au ya mbebaji tutaipokea sawasawa na ya prezida, na jina lake tutalilinda.

Tunawatakia mavuno mema na amani.